Wafundishie Kazini: Mwongozo kwa Mwenye Hoteli Ndogo Machakos

Nakuandikia wewe uliye na hoteli ya vyumba kumi na vitano au thelathini mjini Machakos, au kambi ya mahema kule Lukenya, au bustani ya nyama choma kwenye barabara ya Kangundo ambayo sasa unataka kuiongezea malazi. Umeshajenga. Umepaka rangi, umenunua televisheni, umening'iniza taa kwenye miti. Hata hivyo wageni wako huja mara moja, wakapiga picha, na mara ya pili unasikia wamekwenda Naivasha. Kilichobaki kujengwa ni watu wako, na kazi hiyo unaweza kuianza wiki hii bila kukopa benki.

Mgeni wako ni nani hasa

Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 2.4 kutoka nje mwaka wa 2024, na kila takwimu kama hiyo inapotangazwa wenye hoteli huamka na matumaini. Lakini wengi wa wageni hao hushuka uwanja wa Jomo Kenyatta wakaelekea Mara, Amboseli au Diani. Anayelala kwako anatoka Nairobi, safari ya kilomita sitini na kitu. Tangu Nairobi Expressway ifunguliwe mwaka wa 2022, ikiishia Mlolongo, mtu wa Westlands anaweza kukata shauri saa nne asubuhi na saa saba akawa mezani kwako. Anaweza vilevile kulipa bili saa nane akaondoka akiwa amekasirika, asirudi tena.

Yuko mgeni wa semina, anayekuja Jumatatu hadi Ijumaa akiwa amelipiwa na wizara, shirika au kanisa. Iko familia ya wikendi iliyowaleta watoto People's Park na bwawa la Maruba. Wako wapanda milima na majabali, wapenzi wa raga wanaolikumbuka jina la Masaku Sevens, na watu wa harusi. Mwezi wa Desemba huja wenyeji wanaoishi Marekani au Uingereza, ambao hawataki kulala kwa shangazi lakini wanataka kula chakula cha shangazi. Kila mmoja ana haja zake, na ukiwafundisha watu wako kumhudumia "mtalii" tu, watakuwa wamejiandaa kumpokea mtu asiyekuja.

Ukaribu huu na Nairobi uliwahi kuuumiza mji. Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara, reli ikapita mbali nayo, na mwaka wa 1899 makao hayo yakahamishiwa Nairobi. Leo ukaribu huohuo ndio mtaji wako.

Mfano uko Wamunyu

Usikubali kuambiwa kwamba kufundisha watu ni kazi ya vyuo vikubwa peke yake. Vinyago unavyoviona katika maduka ya Nairobi na Mombasa, vya twiga, vifaru na mabakuli, chimbuko lake ni Wamunyu, katika kaunti hii. Mutisya Munge alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona wachongaji wa huko wakifanya kazi, akarudi nyumbani na ujuzi. Akachonga, akafundisha jamaa zake, na jamaa zake wakafundisha majirani. Kijana aliketi kando ya fundi na kuanza kwa kupiga msasa, kisha akapewa kazi ndogondogo, mpaka siku akakabidhiwa gogo zima. Ufundi huo ulienea hadi pwani, ambako mwaka wa 1963 Wakamba waliunda chama cha ushirika cha wachongaji huko Changamwe, Mombasa. Biashara nzima inayowauzia watalii ilianzia kwa mtu mmoja aliyekubali kuwaonyesha wenzake.

Lakini Wamunyu ina onyo pia. Wachongaji walirithishana kuchonga kuliko walivyorithishana kuuza. Sehemu kubwa ya faida ikabaki kwa wachuuzi wa kati, na twiga yuleyule akachongwa na kila mtu mpaka akakosa thamani. Mpingo na muhugu vikaadimika, ikabidi wageukie mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Kwa hiyo unapomfundisha mtu kazi, mfundishe na hesabu zake. Anayetandika kitanda ajue chumba kinauzwaje, dobi inakula kiasi gani, na kwa nini taulo moja iliyotiwa doa la mafuta ya viatu inafuta faida ya usiku huo. Mfanyakazi aliyefichwa hesabu hawezi kukuokolea pesa.

Anza na daftari

Kabla hujamfundisha yeyote chochote, weka daftari kwenye kaunta kwa wiki moja. Kila malalamiko ya mgeni yaandikwe humo: saa, mahali na jambo lenyewe. Maji ya moto hayakutoka chumba namba saba. Oda ya samaki ilichukua saa moja na nusu. Jina la mfanyakazi lisiandikwe. Ukiruhusu majina yaandikwe, wiki ya pili daftari litakuwa tupu, nawe utadhani mambo yametengemaa.

Wiki ikiisha, kaa na wakuu wa sehemu mlisome. Utaona malalamiko yamerundikana mahali patatu au panne. Kwa kila moja ulizeni: ni ujuzi uliokosekana, ni kifaa, au ni mpangilio? Mhudumu anayechelewesha chai huenda si mvivu. Huenda jiko lina birika moja. Nimeona wenye hoteli wakimfukuza weita kwa kosa la birika. Mafunzo hayatibu uhaba wa vifaa, na ukianza kumfundisha mtu jambo ambalo hana nyenzo ya kulifanya, atakudharau kimoyomoyo.

Kuna jambo jingine ninalolipendekeza kuliko semina yoyote. Chagua usiku usio na wageni wengi, umlaze mfanyakazi wako kama mgeni. Afike mapokezi na begi, aandikishwe, aoge, alale, aagize kiamshakinywa. Mama anayesafisha vyumba akilala kwenye kitanda anachokitandika kila siku, atagundua kwamba taa ya kusomea haifiki kitandani, kwamba bafu halina pa kutundika nguo, na kwamba muziki wa baa unapenya dirishani mpaka saa nane za usiku. Asubuhi mwambie akusimulie, nawe uandike. Kisha mlaze mpishi, halafu askari wa lango.

Chai ya saa nne

Kwa hoteli nyingi za Machakos, semina ndiyo inayolipa mishahara, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Simama mlangoni pa ukumbi wako saa nne na nusu asubuhi siku yenye semina ya watu sitini. Milango inafunguka, watu sitini wanatoka kwa pamoja, na wana nusu saa. Meza ya chai imesukumwa ukutani. Vikombe viko mwanzo wa meza, chupa za chai katikati, sukari mwisho, na vijiko vimesahauliwa. Mtu wa kwanza anasimama kutafuta kijiko, na wote hamsini na tisa wanasimama nyuma yake. Wa mwisho anapofika, mandazi yamekwisha na mwenyekiti anawaita warudi ndani. Huyo mtu wa mwisho mara nyingi ndiye mratibu aliyeichagua hoteli yako, maana alibaki nyuma kumalizia orodha ya mahudhurio.

Wachukue wahudumu wako siku isiyo na wageni, mcheze mchezo huo. Ivuteni meza kutoka ukutani watu wahudumiwe pande zote mbili. Wekeni vikombe na vijiko mahali pamoja. Sukari ihamishiwe meza ya pembeni, mbali na foleni. Chupa za chai ziwe katika vituo viwili, ya maziwa ikitengwa na ya mkandaa kwa alama inayoonekana. Nduma na viazi vitamu vikatwe vipande vya kushika kwa mkono. Mhudumu mmoja kazi yake iwe moja tu: kutazama kinachokaribia kwisha na kukileta kabla hakijaisha. Rudieni mpaka watu sitini wa kufikirika wapate chai ndani ya dakika kumi. Huo ni ujuzi kamili wa kazi, wala huhitaji kuuagiza Nairobi.

Ndani ya ukumbi, mfundishe mtu mmoja, na mwingine wa akiba, kuunganisha projekta na kompyuta za kila aina, kuwasha jenereta, na kukaa karibu kwa nusu saa ya kwanza bila kuitwa. Mfundishe karani wako wa mapokezi mambo ya makaratasi. Mratibu wa semina ana mkaguzi wa hesabu anayemsubiri ofisini. Anataka ankara ya eTIMS yenye jina sahihi la shirika lake na namba yake ya KRA, na idadi ya vyumba iliyo kwenye ankara ilingane na orodha ya waliolala. Ankara iliyoandikwa vibaya humrudisha Machakos mara ya pili kwa gharama zake, na baada ya hapo hatakutafuta. Nina imani kwamba karani anayejua kuandaa ankara bila kosa anakuletea wageni wengi kuliko bango la barabarani.

Namna ya kufundisha

Tenga dakika ishirini kabla ya zamu, kila siku ya kazi, jambo moja kwa siku. Leo ni kubeba sahani tatu, kesho ni kujibu simu, keshokutwa ni kumsikiliza mgeni aliyekasirika mpaka amalize kabla ya kumjibu. Anayejua aonyeshe, wafanye pamoja, kisha anayejifunza afanye peke yake huku akitazamwa. Usitoe hotuba. Makosa yasahihishwe faragha. Ukimfokea mhudumu mbele ya wageni, unawafundisha wenzake kuficha makosa.

Mpe kila mgeni wa kazi mlezi mmoja aliye mzoefu, na umlipe mlezi huyo posho, hata kama ni ndogo. Wenye hoteli wengi hutaka mpishi mkuu afundishe bure, na wanashangaa akifunga mdomo na kulinda siri ya supu yake. Ujuzi wake ndio shamba lake. Ukitaka aligawe, mlipe.

Jihadhari na makampuni yanayokuja na mafunzo ya siku mbili ya kuhamasisha wafanyakazi, kupiga makofi na kugawa vyeti vyenye mihuri ya dhahabu. Pesa hiyo inatosha kununua kipimajoto cha jikoni, kisanduku cha huduma ya kwanza na ada ya mtihani wa wafanyakazi kadhaa.

Usisahau lugha. Mhudumu wako ana Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, na ajue lini atumie ipi. Mzee aliyerudi kutoka ng'ambo baada ya miaka mingi akisalimiwa "Wakya?" mlangoni, uso wake unafunguka hapohapo. Wageni wa Nairobi waitwe mama, mzee, dada au kaka kwa heshima, na yale ya "bosi" na "msupa" yaachwe kituo cha matatu.

Jikoni

Fundisha usalama kwanza. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za selsiasi mpaka kiliwe, cha baridi chini ya nyuzi 5, na katikati ya hapo vijidudu huzaana haraka. Chakula cha semina huwekwa mezani saa sita, mwasilishaji akachelewesha watu, na saa nane wali na kuku bado viko pale juu ya moto uliokwisha zimika. Mpishi wako ajue kukiondoa bila kukuomba ruhusa. Kila anayegusa chakula anatakiwa kuwa na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita; weka tarehe hizo ukutani, lipa ada wewe mwenyewe, na usisubiri afisa wa afya ya umma akukumbushe.

Kisha fundisha fahari. Muthokoi hupikwa katika kila nyumba ya Ukambani, lakini kwenye menyu nyingi za hoteli za Machakos utakuta spageti kabla hujakuta muthokoi. Na ikiwepo, mgeni akiuliza ni nini, mhudumu husema, "Ni kama githeri." Githeri mgeni wa Nairobi anaipata nyumbani kwake. Mhudumu amweleze kwamba mahindi hutwangwa kwa maji kidogo mpaka ganda linatoka, yakaanikwa, kisha yakapikwa na maharagwe, kunde au mbaazi, na kwamba ndiyo maana ni laini tumboni. Amwambie mbaazi zinatoka wapi na ni mama gani anayetwanga. Sahani ileile sasa inauzwa kwa bei nyingine, na mama anayetwanga anapata soko la kudumu. Fanya hivyohivyo kwa asali, kwa maembe ya msimu, kwa kuku wa kienyeji. Waalike wahudumu wote waonje kila kitu kilicho kwenye menyu, maana mtu hawezi kukisifu chakula alichokatazwa kukigusa.

Kijana wa kuongoza wageni

Hapa ndipo Machakos inapopoteza pesa nyingi. Mgeni wa wikendi akiuliza mapokezi kuna nini cha kuona, huambiwa People's Park, kisha kimya. Mchague kijana mmoja mwenye kupenda kusoma na kusikiliza wazee, umlipe kwa kazi hiyo, naye akuandalie matembezi mawili au matatu. Nitakupa vitu vya kuanzia.

Anza na matuta. Kila mlima unaoonekana kutoka mjini umepigwa matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Miaka ya 1930 wakoloni waliandika kwamba ardhi hii imekwisha, imegeuka makorongo. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakachapisha kitabu kilichojulikana dunia nzima katika mambo ya ardhi, wakionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu katika wilaya ya zamani ya Machakos iliongezeka karibu mara sita, na mmomonyoko ukapungua. Waliofanya hivyo ni wakulima, wengi wao wanawake wa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi. Watu husafiri mbali kutazama mandhari yaliyojengwa kwa mikono. Wewe unayo dirishani, na huenda hakuna mhudumu wako hata mmoja anayeyataja.

Halafu Muindi Mbingu. Mgeni wako anapita mtaa wa Muindi Mbingu jijini Nairobi karibu kila siku, na wengi hawajui ni nani. Mwaka wa 1938 serikali ilinyang'anya Wakamba ng'ombe kwa nguvu, ikisema wanaharibu udongo, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinafunguliwa Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumtafuta gavana, wakakaa huko kwa majuma. Yeye akahamishiwa Lamu kifungoni, lakini unyang'anyi ukasimamishwa. Kijana akiisimulia habari hii mbele ya matuta, mambo hayo mawili yanashikana, na mgeni anarudi Nairobi akiuona mtaa wake kwa macho mengine.

Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo, ni hifadhi ya taifa tangu 1967, yenye kilele cha zaidi ya mita 2,100 na nyati wengi, ndiyo maana hakuna kupanda kwa miguu bila askari wa KWS. Huko mlimani limo kaburi la William Northrup McMillan, Mmarekani aliyemkaribisha rais mstaafu Theodore Roosevelt kwenye shamba lake mwaka wa 1909, na ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya McMillan jijini. Kijana ajue pia kusema ukweli usiopendeza: maporomoko ya Fourteen Falls ni mazuri, lakini mto Athi umeshapokea uchafu wa Nairobi kabla ya kufika hapo, kwa hiyo watoto wasiogelee wala wasinywe. Mgeni aliyeambiwa ukweli huo mapema hukuamini kwa mengine.

Na Kyamwilu, kule Kituluni, ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima na gari likiachwa huru huonekana likirudi juu. Kijana atoe maelezo mawili: simulizi za wenyeji, na maelezo ya kwamba mteremko wa mandhari yanayozunguka unayadanganya macho. Asimulie simulizi kama simulizi, sawa na habari za nabii Syokimau aliyetabiri ujio wa reli kama nyoka mrefu. Lakini zaidi ya yote afundishwe kwamba ile ni barabara ya magari. Asimame mbele na mwenzake nyuma, wakiwa na fulana zinazong'aa, kabla mtoto yeyote hajashuka na chupa ya maji.

Kijana huyo asiishie hapo. Chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, kilichoanzishwa 1996, hutahini waongozaji katika ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mwekee lengo la shaba. Atalazimika kujua ndege, wanyama, miti, historia na sheria, na utashangaa jinsi mazungumzo yake na wageni yatakavyobadilika. Mpeleke pia akajifunze huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu au St John, maana Lukenya watu hupanda majabali kwa kamba, na kifundo cha mguu hakichagui siku.

Mgeni asiyeona

Mji huu una chuo cha ufundi cha vipofu kinachojulikana nchini kote, yaani Machakos Technical Institute for the Blind. Hoteli za mji kama huu zingetakiwa kuongoza nchi katika kumpokea mgeni mwenye ulemavu. Mambo ya kufundisha si mengi. Mhudumu ajitaje jina anapomkaribia. Atoe kiwiko chake mgeni akishike, asimvute mkono. Akifika kwenye ngazi aseme kama zinapanda au zinashuka. Chumbani amwonyeshe kwa kumtembeza: mlango, kitanda, swichi, bomba la moto, bomba la baridi, na baada ya hapo chochote kisihamishwe. Mezani amweleze sahani kwa mkao wa saa ya ukutani: nyama iko kwenye sita, mboga kwenye tatu. Na bili aongee naye mwenyewe, asimpe mwenzake. Zungumza na chuo hicho, uombe watu wake waje wawafundishe wafanyakazi wako, na uwalipe kama unavyomlipa mkufunzi mwingine yeyote.

Vyeti, na pesa unazozilipa tayari

Mpishi wako aliyekaa kazini miaka kumi na miwili huenda hana karatasi hata moja. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na Kenya sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani. Mshike mkono aingie humo. Kwa wanaotaka kusoma zaidi, kuna Kenya Utalii College kwenye barabara ya Thika, iliyofunguliwa mwaka wa 1975, kuna Chuo Kikuu cha Machakos kinachofundisha masomo ya hoteli na utalii hapahapa mjini, na kuna vyuo vya TVET vinavyofundisha kwa kupima kazi mtu anayoweza kuifanya.

Unatakiwa kulipa tozo ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Wengi huilipa kama kodi nyingine yoyote na kuisahau. Mwajiri aliyelipa anaweza kudai NITA imrudishie gharama za kumfundisha mfanyakazi, mradi aombe idhini kabla ya mafunzo kuanza. Hilo la kuomba kabla ndilo linalowaangusha watu.

Wanafunzi wa atachimenti wakija, usiwafanye watu wa kuosha sufuria miezi mitatu. Wape ratiba ya kupita kila sehemu, jaza kitabu chao cha kazi kila wiki, mpokee mhadhiri anapokuja kuwatazama. Kwa muda huo wote unamchunguza mtu ambaye huenda ukamwajiri, na chuo kikizoea kwamba kwako mwanafunzi anajifunza, kitakuletea walio bora.

"Nikimfundisha ataondoka"

Nimelisikia neno hili kwa karibu kila mwenye hoteli, na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ni kweli: Nairobi iko karibu kwa mfanyakazi kama ilivyo karibu kwa mgeni. Lakini ukiangalia vizuri, wengi huondoka kwa sababu ya vibarua visivyokwisha, mishahara inayochelewa, na bahashishi zinazopotelea kwa meneja. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku ya mapumziko kila wiki na siku 21 za likizo kwa mwaka, na kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima hawezi kuendelea kuitwa kibarua. Anza hapo. Weka bahashishi kwenye kisanduku kimoja kinachofunguliwa mbele ya wote kila Jumapili, na wa jikoni na dobi wapate sehemu yao. Andika mapatano: ukimlipia mtu ada ya mtihani, atakaa muda fulani mliokubaliana, na akifaulu mshahara unapanda kwa kiasi mlichoandika siku hiyohiyo.

Na bado wengine wataondoka. Akija kukuaga, mpe cheti chake cha utumishi bila kumzungusha, kwa kuwa ni haki yake kisheria, lipa unachodaiwa, na umwombe akae wiki mbili na atakayeshika nafasi yake. Hifadhi namba yake ya simu. Hoteli kubwa ya Nairobi aliyokwenda itajaa siku moja na kutafuta mahali pa kuwapeleka watu arobaini wa semina, na yeye ndiye atakayejua kwamba Machakos kuna ukumbi ambao chai hutoka kwa wakati.